Msitu Uliokaa Bondeni: Safari ya Milima ya Hatta

Mswahili anayekuja Dubai kwa biashara huishia Deira, na akirudi nyumbani husimulia mji wa vioo uliosimama juu ya mchanga tambarare. Habari hiyo ni nusu ya kweli. Dubai ina milima yake, nayo iko Hatta, kipande cha ardhi cha takriban kilomita za mraba 140 kilichotengana na sehemu nyingine ya ufalme huo, kikazungukwa na Oman, na Masfout ya Ajman, na Ras Al Khaimah. Ni mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka mjini kuelekea mashariki. Historia yake inatugusa kwa mbali: katikati ya karne ya 19 mji huu ulitoka mikononi mwa Al Busaid, ukoo uleule uliotawala Unguja, ukaingia chini ya Dubai. Wageni wanaofika huko, hasa sisi tuliozoea Shimba, Pugu au Usambara, huitazama ile milima ya kahawia iliyokoza, mikavu, isiyo na kivuli, wakahukumu papo hapo kwamba imekufa. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga katika masimulizi haya. Naona Hatta ina miti, ila miti yake haikukaa pale jicho letu linapoitafuta. Sisi tumezoea msitu uvae kilele na mteremko. Huku umeshuka ukakaa bondeni, na aliyeupanga hivyo ni mwamba. Mvua ina sehemu yake katika jambo hili, mbuzi wana sehemu yao, na binadamu pia, nami nitampa kila mmoja haki yake. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mti umesimama hapa na haukusimama pale, inambidi aanze na jiwe.

Ushahidi wa kwanza unapatikana kabla hata milima haijaonekana. Kwenye viunga vya Dubai, upande wa Mushrif, kuna vilima vya mchanga vilivyoota msitu wa asili wa ghaf, mti wenye miiba ambao ni ndugu wa mathenge anayewasumbua watu wa Baringo, ingawa ghaf ni mpole na ni mwenyeji wa hapa. Falme za Kiarabu ziliutangaza kuwa mti wa taifa mwaka 2008. Vilima vile ni vifupi, mtu hupanda na kushuka bila kuhema, na kwa hakika ndivyo vinavyokaribia zaidi, katika Dubai nzima, picha ya vilima vyenye msitu. Sasa tufikiri. Mji wa Dubai kwa wastani haupati hata milimita 100 za mvua kwa mwaka. Hatta hupata zaidi kidogo, kwa sababu upepo wenye unyevu ukigonga milima hulazimika kupanda, ukapoa, ukamwaga. Kama mvua peke yake ndiyo ingekuwa mwamuzi, basi miti mikubwa ingekuwa kwenye miteremko ya Hatta na mchanga wa Mushrif ungekuwa uchi. Hali ni kinyume chake. Sababu iko katika namna mchanga unavyoyapokea maji. Tone likianguka juu ya mchanga huzama mara moja, na tabaka la juu likishakauka hulifunika lile lililozama, jua lisiweze kulivuta tena kwa urahisi. Ghaf hupeleka mizizi yake chini sana, hata kufikia mita 30 kama inavyoelezwa na wataalamu wa mimea, na huko chini hukuta akiba ya miaka mingi. Mti huu hauishi kwa mvua ya mwaka huu. Unaishi kwa maji yaliyowekwa, na hilo ndilo nitakalolifuata njia nzima hadi Hatta.

Njia ya zamani iliyonyooka hukatiza ardhi ya Oman, na kwa miaka kadhaa sasa wageni wengi hawaruhusiwi kuitumia. Hivyo msafiri huzunguka kwa upande wa Mleiha, katika Sharjah. Mzunguko huo ni faida kwa mwenye macho. Mchanga hubadilika rangi, kutoka ule mweupe wa pwani uliochanganyika na vipande vya makombe hadi ule mwekundu wa Al Madam ambao chembe zake zimevikwa kutu ya chuma, kisha ghafla hupasuka na kuacha uwanda wa changarawe. Changarawe hiyo ni milima ya Hajar, safu yenye Hatta ndani yake, iliyobomolewa ikaletwa na mafuriko, jiwe baada ya jiwe, kwa muda usiohesabika kwa vizazi vya watu. Katikati ya uwanda huinuka safu ndogo za Jebel Faya na Jebel Buhais, vilima vya chokaa vyenye matumbawe na makombe yaliyogeuka mawe, ushahidi kwamba bahari ya kina kifupi ilikuwa hapa miaka milioni 70 hivi iliyopita. Chini ya chokaa hiyo, kwenye kitako cha vilima, hutokeza mwamba wa kijani kilichofifia, wa namna nyingine kabisa: huo ndio mwamba wa Hatta, ukiwa umetangulia kufika, kisha chokaa ikalala juu yake. Msafiri anayetaka kujua mpangilio wa safu hii nzima aisome Faya kwanza, kwa maana hapo kurasa zimefunguliwa wazi.

Faya ina jambo jingine linalomhusu Mwafrika wa Mashariki. Mwaka 2011 kundi la watafiti, wakiwemo Simon Armitage na Hans-Peter Uerpmann, lilichapisha katika jarida la Science taarifa ya zana za mawe za miaka 125,000 hivi zilizofukuliwa chini ya kibanda cha mwamba hapo, nao wakaona ufundi wake unafanana na wa kaskazini mashariki ya Afrika. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza mandhari ya Faya katika Urithi wa Dunia. Watu waliochonga zana hizo hawakuishi jangwani. Walikuja wakati mvua za monsuni zilipokuwa zimesogea kaskazini, nyasi zikaota, maji yakasimama. Hapa mpinzani wangu ana hoja nzito, tena nzito kuliko zote: mwamba wa leo ndio uleule wa wakati huo, lakini nchi ilikuwa na majani na sasa haina, basi anayetawala ni hali ya hewa, na jiwe ni mtazamaji tu. Nakubali nusu ya hoja hii bila kusita. Hali ya hewa ndiyo inayoamua miti iwe mingi au michache. Lakini swali langu si la wingi. Nauliza kwa nini hiyo michache iliyobaki imepangika kwa mistari, ikifuata makorongo na nyufa kama ilivyopangika, wakati mvua humwagika juu ya kilele na bonde bila kuchagua. Nchi inapokuwa na mvua nyingi jiwe hujificha nyuma ya majani, na mvua inapopungua ndipo jiwe hujitokeza kuwa mgawaji. Kwa hiyo ukame wa leo haupunguzi nguvu ya mwamba, unaidhihirisha.

Mwamba wenyewe una habari ambayo kila nikiitafakari inanistaajabisha. Milima mingi tunayoijua nyumbani ilizaliwa barani. Taita na Usambara ni miamba ya kale sana iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa, kisha ikainuliwa kwa kukatika kwa ardhi. Kilimanjaro ni volkano. Hatta ni sakafu ya bahari. Miaka milioni 95 hivi iliyopita, katika bahari ambayo wanajiolojia huiita Tethys, ardhi ya chini ya maji ilikuwa ikipasuka na kujaza ufa wake kwa uji wa moto, kama inavyotokea hadi leo katikati ya Atlantiki. Kwa kawaida sakafu ya namna hiyo, ikishapoa na kuwa nzito, hurudi kuzama chini ya mabara na kupotea. Hapa ilikuwa kinyume. Bamba la Arabia lilisukumwa chini yake, na kipande kikubwa cha sakafu kikapanda juu ya ukingo wa bara, kikalala hapo. Wataalamu hukiita ofioliti ya Semail. Kina urefu wa kilomita zipatazo 500 kupitia Oman na Falme, na hakuna pahala pengine duniani ambapo sakafu ya bahari ya ukubwa huo inaonekana wazi namna hii. Baadaye sana, Arabia ilipoanza kuigonga Asia na kuinua milima ya Zagros upande wa Iran, mtikisiko huohuo ulisaidia kuikunja Hajar na kuipandisha kufikia umbo tunaloliona.

Kutembea katika safu hii ni kutembea kutoka juu ya sakafu kuelekea tumboni mwa dunia. Kuna pahala pa basalti iliyoganda kwa umbo la mito ya kulalia, kama inavyoganda lava ikikutana na maji baridi. Chini yake kuna kuta za mwamba zilizosimama bega kwa bega, kila moja ikiwa ni ufa uliojazwa uji na kuganda. Kisha gabro, yenye chembe kubwa zinazometa, ngumu mno. Kisha peridotiti, mwamba wa tabaka zito lililo chini kabisa ya ganda la dunia, ambao kwa haki yake mwanadamu hakupaswa kuuona bila kuchimba kilomita nyingi. Peridotiti ndiyo inayotawala miteremko ya Hatta. Ukiivunja ndani ni ya kijani kilichokolea. Nje imeungua ikawa kahawia kwa chuma kilichoshika kutu. Pembezoni mwa mji ukanda wa miamba mingine, chokaa na mawe ya vioo ya rangi nyekundu yaliyotokana na tope la kina kirefu, huikata peridotiti na kubadili rangi ya ardhi kwa ghafla. Vilele hapa si virefu. Mji uko mita mia tatu na ushei juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka havifikii Jebel Jais ya kaskazini yenye zaidi ya mita 1,800, seuze Jebel Shams ya Oman inayokaribia mita 3,000. Ni safu ya chini, iliyochongoka, yenye makali.

Mwamba huu unayafanyia nini maji? Kwanza hauyanywi. Chembe zake zimebanana, hauna matundu ya mchanga, na udongo juu yake ni haba kwa sababu kila kinachobomoka huoshwa na mvua ya mara moja kwa nguvu. Mvua ya hapa haina desturi ya kunyesha taratibu. Tarehe 16 Aprili 2024 kituo cha Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, kilipima zaidi ya milimita 254 katika muda usiofika saa 24, mvua kubwa kuliko zote tangu Falme zilipoanza kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Maji ya namna hiyo yakianguka juu ya mteremko wa peridotiti huteremka kama yaliyoanguka juu ya bati. Lakini hayapotei. Hukutana kwenye korongo, yakaingia katika changarawe iliyojaa kitandani mwake, na changarawe, tofauti na mwamba ulioizaa, ina nafasi tele kati ya jiwe na jiwe. Humo maji hukaa chini ya kivuli cha mawe, mahali ambapo jua lenye uwezo wa kukausha zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka haliyafikii. Sehemu nyingine hupenya nyufa za mwamba na kutoka baada ya muda mrefu kama chemchemi. Kwa hiyo mteremko ni mpokeaji wa maji na bonde ndilo mhifadhi. Mmoja anampa mwenziwe alichokipata, naye hubaki mkavu. Kuutazama mteremko peke yake na kusema nchi haina maji ni kuhukumu upande mmoja.

Na miti inathibitisha. Kwenye kitanda cha korongo husimama samr, ambao ni mgunga wetu hasa, aina ileile inayotandaza mwavuli wake Tsavo na Serengeti. Kando yake kuna sidr, mkunazi wa kwao. Kwa miti hii miwili wafuga nyuki wa Hatta hupata misimu yao, asali ya samr jua linapoanza kukaza na ya sidr baada ya joto kuu kupungua, na nyuki hawaishi kwa mandhari. Palipo na mavuno ya asali pana maua ya kutosha. Mitende ya bustani hunyweshwa kwa falaji, mfereji wa kale unaochukua maji ya chini ya changarawe juu ya bonde na kuyaleta kwa mteremko mdogo hadi shambani, ufundi ambao Mchagga wa mifereji ya Kilimanjaro angeuelewa bila mkalimani. Katika vidimbwi vya korongo za Hajar kuna samaki wadogo wa jamii ya Garra, viumbe ambao maji yakikatika kabisa hufa. Kuwepo kwao kunaonyesha kwamba mahali fulani humo maji hayajawahi kukatika kwa muda mrefu sana. Miti michache iliyoko juu haivunji kanuni hii, kwa kuwa ukiikaribia utaona kila mmoja una ufa wake: moringa wa milimani, ndugu wa mlonge, ameingiza mzizi katika mpasuko wa jabali, na mtini wa mwituni amejibana penye jiwe lililopasuka. Zaidi ya hapo mteremko una vichaka vya yuforbia visivyo na majani, ambavyo vimekubali umaskini wa mahali.

Kuna wanaosema, na hawa ni wasomi, kwamba tatizo la mteremko si maji bali sumu. Peridotiti ikikutana na maji hugeuka sepentini, na udongo unaotokana nayo una magnesiamu nyingi kupita kiasi, kalsiamu kidogo, na nikeli na kromiamu zinazodhuru mizizi. Ni kweli, na mfano uko barani kwetu: Great Dyke ya Zimbabwe, ukanda mrefu wa miamba ya aina hii, huonekana kwa nyasi na miti iliyodumaa huku miombo ikishamiri pande zote mbili. Lakini tuuangalie mfano huo vizuri. Great Dyke ina nyasi nyingi. Kisiwa cha New Caledonia, ambacho karibu theluthi yake ni mwamba wa namna hii tena chenye mvua tele, kina vichaka na misitu yenye mimea isiyopatikana popote pengine. Kule Kwale, kilima cha Mrima kimeumbwa kwa kabonatiti yenye niobi, madini adimu na thoriamu, udongo ambao hakuna mkulima angeuchagua, na bado kina msitu mnene ambao Wadigo wameutunza kama kaya, yaani msitu mtakatifu. Udongo mgumu huchagua mti gani uote. Haufuti miti yote. Tena hapa Hatta kuna jambo linaloipunguza hoja hiyo zaidi: changarawe ya bonde imetokana na mwamba uleule, ina nikeli ileile, na migunga imesimama humo. Kilichobadilika kati ya mteremko na bonde si kemia, ni mahali maji yanapokaa. Kemia hiyo, kwa njia, ina sifa zake nyingine. Chemchemi fulani za safu hii, Oman na Fujairah, hutoa maji makali kama magadi na kuacha utando mweupe juu ya mawe, na mishipa myeupe ya magnesaiti katika peridotiti ni hewa ya kaboni iliyonaswa ikawa jiwe. Kwa kuiga kazi hiyo, kampuni ya 44.01 ya Oman ilianza mwaka 2023, pamoja na ADNOC, shirika la mafuta la Abu Dhabi, jaribio la kuingiza kaboni ndani ya mwamba huko Fujairah. Mlima unaoitwa mfu bado unafanya kazi.

Hoja ya kimo inajibika kwa haraka zaidi. Husemwa kwamba misitu ya Arabia iko juu, kwenye ubaridi, na kweli mireteni ya Jebel Akhdar huko Oman, ndugu wa mtarakwa wetu, huanza baada ya mita 2,000, kimo ambacho Hatta haikijui. Ila Shimba Hills haifiki hata mita 500 na ina msitu. Na katika Arabia yenyewe, vilima vya Dhofar juu ya Salalah ni vya wastani tu, navyo huvaa msitu wa kijani kila mwaka wakati wa kharif, ukungu wa kusi unapotua juu ya majani na kudondoka chini. Wanaofuatilia safari za majahazi wanaujua upepo huo. Shimba nayo inanisaidia kuliko kunipinga. Inapata mvua mara nne na zaidi ya Hatta, hilo halina mjadala. Lakini juu ya mawe yake ya mchanga, yaliyotuama kabla ya bahari ya Hindi kuwapo, kumelala mchanga wa Magarini unaonyonya mvua hiyo na kuiachia polepole kupitia chemchemi kama Marere, ambazo zimeinywesha Kwale na Mombasa. Weka mvua ileile juu ya peridotiti tupu na sehemu kubwa ingefika baharini siku hiyohiyo. Kwa hiyo hata nyumbani, tunaposema mlima una msitu kwa sababu una mvua, tunaisahau nusu ya pili ya sababu, kwa kuwa iko chini ya miguu yetu.

Imebaki hoja inayonigusa zaidi, ya kwamba milima hii ilikuwa na msitu na watu wakaumaliza. Si hoja ya kupuuza kwa mtu aliyeona Pugu, ambako mvua ipo, udongo upo, na tanuri za mkaa zimeula msitu ulioko mlangoni mwa Dar es Salaam. Huku pia samr ulichomwa mkaa kwa karne nyingi, na mbuzi na punda walioachiwa huendelea kula chipukizi hadi leo. Lakini usoni mwa hoja hiyo naweka paa za Dubai. Nyumba za kale za mtaa wa Al Fahidi, kando ya hori, zimeezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20, na Kenya iliisimamisha kwa upande wake kwa kupiga marufuku usafirishaji wa boriti nje mwaka 1982. Mji ambao milima yake ina mbao, umbali wa siku chache kwa ngamia, haungengoja upepo wa kusi ulete miti kutoka upande wa pili wa bahari. Hata Hatta kwenyewe, katika nyumba za kijiji cha kale kilicho karibu na ngome ya mwaka 1896, kazi ya paa ni ya magogo na makuti ya mitende, mti wa bustani ya bondeni. Mtu anaweza kunijibu kwamba mgunga haunyooki, haufai boriti, na kwamba kukosa mbao si kukosa msitu. Jibu hilo ni la haki. Ushahidi wa paa unathibitisha kwamba hapakuwa na miti mirefu iliyonyooka. Hauthibitishi kwamba hapakuwa na migunga mingi kuliko ya leo, nami naamini ilikuwepo, mabondeni na kwenye matuta yake.

Jambo hili si la kuridhisha akili tu. Anayeamini kwamba milima ni mitupu na kwamba utajiri wake ni jiwe, atachimba. Machimbo ya Hajar yamelisha ujenzi wa Ghuba kwa gabro na chokaa, na kinga ya mawimbi ya Palm Jumeirah ilihitaji mamilioni ya tani za mawe kutoka machimbo ya nchi hii. Anayeamini kwamba maji yanayoteremka korongoni yanapotea, atayazuia yote. Mabwawa ya Hatta yana manufaa ya kweli: yanapunguza mafuriko, yanatuamisha maji, na mradi wa umeme wa megawati 250 umekusudiwa kuyapandisha maji kwenye bwawa la juu kwa nguvu ya jua mchana na kuyateremsha yazalishe umeme mahitaji yanapozidi. Siwezi kuulaumu mji unaotegemea maji ya bahari yaliyochujwa chumvi, karibu kwa kila anachokunywa mkazi wake, kwa kutaka kuweka akiba milimani. Lakini maji yaliyokuwa yakiteremka kwenye mabonde ya upande wa magharibi wa Hajar hayakuwa yakipotea. Yalikuwa yakiingia chini ya uwanda wa Al Madam na kwenda kusubiriwa na mizizi ya ghaf. Tangu pampu za mota zilipoenea, visima vya uwandani vimeshuka na falaji nyingi za nchi hii zimekauka, na kila ukuta mpya unaojengwa juu ya korongo huongeza mzigo huo. Vivyo hivyo kupanda miti kwenye miteremko kwa mabomba ya maji yaliyochujwa, kazi inayopendeza kwenye picha, ni kuulazimisha mteremko uwe kile ambacho mwamba wake haukuuwezesha, huku kitanda cha korongo, penye uwezo wote, kikifanywa barabara na maegesho.

Sehemu kubwa ya milima ya Hatta sasa ni hifadhi, nayo imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu, orodha ambayo mtu aliyeiita milima hii mitupu hangetarajia kuikuta humo. Ulinzi huo unatoa nafasi ya kulipima dai langu badala ya kulibishania. Katika hifadhi ya jangwa ya Dubai iliyoanzishwa mwaka 2003, kwenye kilomita za mraba 225 za mchanga, malisho yalipodhibitiwa mimea ya asili ilianza kurudi, jambo linalowapa nguvu wale wanaomtuhumu mbuzi na ngamia. Basi yazungushiwe uzio maeneo mawili ya Hatta kwa wakati mmoja, mteremko wa peridotiti na kitanda cha korongo chini yake, mbuzi wazuiwe kote kuwili, na tone moja la bomba lisimwagwe. Mteremko ukiota migunga kwa wingi kama bonde, nitakuwa nimekosea na mbuzi ndiye mkosaji. Mimi natarajia bonde lijae kwanza, kisha nyufa, na kati ya ufa na ufa mwamba ubaki kama ulivyo.